Molasi, pumba na bakteria wanaosafisha maji ya samaki

Katika Kajiado, kaunti kame ambayo wakazi wake wengi, wakiwamo wa mji wa Kitengela, hutegemea visima virefu na maji ya kununua, mfugaji wa tilapia hawezi kumwaga maji ya bwawa kila yanapochafuka, bali hulazimika kuyasafisha yakiwa humohumo. Uchafu hutokana na lishe: samaki hubakiza mwilini takriban robo tu ya nitrojeni iliyomo katika protini anayokula, na sehemu kubwa ya inayosalia huingia majini ikiwa amonia, ambayo hugeuka sumu kali kadiri pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, inavyopanda. Katika maji ya nyuzi 25, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1 pH ikiwa 7, lakini pH ikifika 9 huzidi theluthi. Tilapia wadogo wa Ziwa Magadi, lililo katika kaunti hiyohiyo, huishi penye pH ya karibu 10 kwa sababu hutoa urea badala ya amonia. Tilapia wa kufugwa hana kinga hiyo.

Kinga yake ni bakteria, ambao huifyonza amonia na kujengea miili yao, mradi wapate kaboni ya kutosha. Kwa kuwa lishe ya samaki ina kaboni kidogo ikilinganishwa na nitrojeni, mfugaji huiongeza kwa vitu vya mimea: molasi, ileile wanayopewa ng'ombe, pumba za mahindi au unga wa muhogo. Mtafiti Yoram Avnimelech wa Israeli alikadiria mwaka 1999 kwamba gramu 1 ya nitrojeni ya amonia huhitaji gramu 20 hivi za wanga. Molasi huyeyuka na kufanya kazi upesi, ilhali pumba, zenye nyuzinyuzi ngumu, huchelewa na hufaa zisagwe laini kwanza. Bakteria wakishaongezeka hushikamana na mwani kuwa vibonge vidogo ambavyo tilapia huvila, hivyo protini iliyokuwa ikipotea humrudia samaki.

Hata hivyo, bakteria hao hupumua, na molasi nyingi katika maji yasiyopulizwa hewa huweza kumaliza oksijeni na kuua samaki wote usiku mmoja. Mfugaji wa Kitengela asiye na pampu ya hewa na umeme wa akiba, basi, asinunue molasi kabla ya kuvipata.