Ufunguo Uko Malaba, Gari Liko Jinja

Ndugu wasomaji wa nchi jirani, safari hii twawaandikieni juu ya kitu kidogo kinachoingia mfukoni lakini kimewatia wenzetu katika matata makubwa. Kitu hicho ni ule ufunguo wa magari ya siku hizi usiochomekwa popote. Dereva anao mfukoni. Akigusa kitasa mlango unafunguka, akikanyaga breki na kubonyeza kitufe injini inawaka. Vijana huita pushi-stati. Wazee wanaokumbuka Land Rover za kwanza watasema kitufe cha stata si jambo geni, na ni kweli. Lakini kitufe cha zamani kilizungusha stata tu. Hiki cha sasa hufanya kazi baada ya kuuliza swali, na dereva asiyejua swali hilo ni lipi huenda akalipa kwa mshahara wake.

Mwanachama mmoja wa tawi la Kampala alilipa. Kazi yake ni kupandisha magari kutoka bandari ya Mombasa. Magari yenyewe yametumika Japani, na kwa kuwa sheria ya Uganda ya mwaka 2018 yakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, mengi yanayopita mpakani sasa ni ya umri ule wa kitufe. Siku hiyo walikuwa msafara wa magari manne. Yeye alikuwa dereva wa akiba, ameketi kando ya kiongozi wa msafara katika gari la mbele. Walipofika Malaba kiongozi alishuka na makaratasi kwenda dirisha la forodha, injini ikiwa inanguruma, na kumwambia mwenzetu ashike usukani asogeze foleni. Foleni ilisogea kuliko walivyotarajia. Askari akapunga mkono, pita, pita, na gari likavuka.

Mwenzetu anasema gari lilipiga kelele, pii pii pii, na kwenye dashibodi pakatokea picha ya ufunguo ya rangi ya manjano pamoja na maandishi ya Kijapani. Alidhani ni mlango haukufungwa vema. Akaubamiza, kelele zikaisha, akaenda zake. Tororo akapita, Bugiri akapita, Iganga akapita. Jinja akaingia kituo cha petroli, akazima, akanywa chai. Aliporudi alibonyeza kitufe na gari halikujibu neno.

Akapiga simu Malaba. Kiongozi akapapasa mfuko wa shati. “Ufunguo ninao mimi,” akasema, na makaratasi yake yalikuwa hayajapigwa muhuri.

Gari lililala Jinja. Usukani ulikuwa umejifunga, gia imenaswa kwenye P, hata kulisukuma kando haikuwezekana. Usiku wezi waling'oa vioo viwili vya pembeni. Mwisho wa mwezi tajiri alimkata bei ya vioo na faini ya siku moja ya kuchelewa, na barua ikaja yenye neno “uzembe”.

Tulipokwenda kuzungumza na tajiri huyo, ambaye hatumtaji kwa kuwa shauri limekwisha, hoja yake ilikuwa moja: “Dereva gani anaendesha gari zaidi ya kilomita mia bila ufunguo?” Hoja hiyo inasikika vizuri mezani. Kwa bahati mbaya ni ya mtu anayefikiria ufunguo wa chuma. Gari la namna hii linakubali kabisa kwenda bila ufunguo, na wenye viwanda wamelitengeneza hivyo kwa makusudi.

Tueleze. Ndani ya kile kidude cha plastiki mna redio ndogo yenye betri ya duara kama sarafu. Milangoni na ndani ya gari zimefichwa antena. Mtu akigusa kitasa au akibonyeza kitufe, gari hutoa mwito wa mawimbi ya chini, kilohezi 125 au 134, ambao haufiki mbali: mita moja hivi. Ufunguo ukisikia mwito hujibu kwa mawimbi ya juu, karibu megahezi 315 katika magari ya Japani na Marekani, na 433 katika ya Ulaya. (Ndiyo maana ufunguo ulionunuliwa kwa gari la Ulaya hauwezi kufundishwa kwa gari la Japani hata kama sura zao ni pacha.) Jibu hilo ni namba ya siri inayobadilika kila mara. Likiwa sahihi, kompyuta ya gari huruhusu injini kuwaka.

Swali linaloruhusu injini ni la wakati wa kuwasha. Baadaye gari huweza kuuliza tena, hasa mlango ukifunguliwa na kufungwa, lakini likikosa jibu hulia tu na kuonyesha picha. Halizimi injini. Na hapo twakubaliana na wenye viwanda, maana betri ya ufunguo ingekufa, au mawimbi yakavurugwa, dereva akiwa anateremka mlima na abiria nyuma, injini ikizimwa angebaki na usukani mzito na breki zisizosaidiwa. Afadhali kelele. Ila kelele hizo ziandikwe kwa lugha anayoisoma dereva, au basi mtu amweleze kabla hajakabidhiwa gari.

Mwenzetu hakuelezwa na mtu yeyote. Tulimwuliza tajiri atuonyeshe karatasi ya makabidhiano inayosema ufunguo ulikuwa kwa nani. Hakuwa nayo. Tulimkumbusha pia kwamba Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yataja makato yanayoruhusiwa kwenye mshahara, wala haimwachii tajiri kukata apendavyo. Alirudisha faini ya kuchelewa yote na nusu ya bei ya vioo. Nusu ya pili mwenzetu alilipa, nasi hatujifichi: hatukuridhika.

“MBONA KIOO HAKIKUVUNJWA?”

Jambo la pili ni zito zaidi, kwa kuwa laweza kumfikisha dereva polisi. Wengi wetu hulaza gari la tajiri nyumbani. Asubuhi gari halipo. Hakuna kioo kilichovunjwa, hakuna kitasa kilichong'olewa, ufunguo uko juu ya meza. Tajiri na askari watauliza swali moja: kama hukumpa mtu ufunguo, limeondokaje?

Laweza kuondoka hivi. Wezi huja wawili. Mmoja husimama karibu na ukuta wa nyumba akiwa na mtambo wenye antena, mwingine husimama kwenye mlango wa gari na mtambo wa pili. Mwito wa gari hudakwa na kupitishwa hadi ukutani, ufunguo ulioko mezani huamini gari liko karibu, nao hujibu. Namba ya siri haikuvunjwa wala kunakiliwa. Imebebwa tu kutoka mahali hadi mahali, kama mtu anayepaza sauti ya mwenzake. Mlango hufunguka, kitufe hubonyezwa, na kwa sababu tuliyokwisha kueleza, gari likishawaka halizimi hata likifika mbali na ufunguo.

Haya si maneno ya vijiweni. Mwaka 2011 wataalamu watatu wa chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi, walijaribu magari ya aina 10 ya viwanda 8, na yote yalidanganyika. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kimeendelea kupima mamia ya magari, na mengi yameshindwa. Baadhi ya magari mapya sasa hupima muda ambao jibu la ufunguo huchukua kusafiri, kwa hiyo hutambua umbali wa kweli. Funguo nyingine hulala zenyewe zisipotikiswa. Lakini hayo si magari tunayoyapandisha kutoka Mombasa. Yetu ni ya zamani zaidi.

Kwa hiyo dereva afanye nini? Aweke ufunguo usiku ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, na ajaribu: asimame na kopo kando ya mlango wa gari, na kama mlango bado unafunguka, kopo hilo halifai. Katika baadhi ya Toyota ufunguo waweza kulazwa: shika kitufe cha kufunga, bonyeza cha kufungua mara mbili, taa ndogo itamulika mara nne. Asubuhi ukibonyeza kitufe chochote unaamka. Na shahidi awepo, mke au mlinzi, anayejua ufunguo ulilala wapi. Twasema wazi kwamba kioo kizima si ushahidi dhidi ya dereva, na mwanachama yeyote anayeshtakiwa kwa hoja hiyo peke yake afike kwetu kabla hajatia sahihi maelezo.

GARI LISILOTAKA KUSIMAMA

Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego katika jimbo la California, askari wa barabara wa Marekani aliyekuwa mapumzikoni alikuwa akiendesha Lexus ya kuazimwa. Zulia la chini, ambalo lilikuwa la gari la aina nyingine, lilinasa pedali ya mafuta. Gari likakimbia. Watu 4 wa jamaa moja walikufa. Mtu huyo alikuwa dereva wa kazi kama sisi, lakini kitufe cha gari lile kilihitaji kushikiliwa kwa sekunde 3 ndipo injini izime, na mtu aliyeshikwa na hofu hubonyeza mara moja, huona hakuna kitu, huachia.

Basi ijulikane. Gari likiwa linakwenda, kubonyeza mara moja hakuzimi, na ni makusudi, mtoto asije akalizima barabarani. Kwa Toyota nyingi unashikilia sekunde 2 au zaidi, au unabonyeza mara 3 mfululizo. Lakini kabla ya hapo tia gia N, ndiyo kinga ya kwanza, kisha kanyaga breki mkanyago mmoja mrefu bila kuachia. Ukipampu pampu injini ikiwa imezima, boosta ya breki huishiwa nguvu na pedali huwa ngumu kama jiwe. Na zulia la mguuni liwe la gari hilo hilo, lifungwe kwenye ndoana zake. Tumeyaona magari yenye mazulia matatu yamerundikwa!

Kuna na kosa la upande wa pili, la kudhani umezima kumbe hujazima. Ufunguo wa chuma ulipokuwa mkononi ulijua injini imekufa. Sasa mtu hushuka na ufunguo mfukoni, na kama gari ni la mseto, kama Aqua au Prius, lilikuwa kimya tangu mwanzo kwa kuwa linatumia betri. Baadaye injini hujiwasha yenyewe. Ndani ya gereji iliyofungwa moshi wake hauna harufu ya kumwamsha mtu. Gazeti la New York Times lilihesabu mwaka 2018 vifo 28 huko Marekani tangu mwaka 2006 kwa sababu hiyo, na sheria iliyopitishwa huko Novemba 2021 iliagiza itungwe kanuni ya magari kujizima. Walinzi na madereva wanaolala garini ndani ya gereji, hasa msimu wa mvua, wasome aya hii mara mbili.

Betri ya ufunguo ikifa, usilale njiani. Ndani ya kile kidude mmefichwa ufunguo mwembamba wa chuma. Utelezeshe utoke, ufungue mlango wa dereva, penye tundu ambalo mara nyingine limefunikwa kwa kifuniko kidogo. Kisha kanyaga breki na ugusishe ufunguo kwenye kitufe chenyewe: gari huupa umeme kidogo kwa ukaribu na kusoma namba yake bila betri. Aina nyingine zina tundu au mahali maalumu pa kuuweka. Betri yenyewe ni ile ya sarafu, mara nyingi CR2032, na hupatikana dukani.

Na kama gari halijibu ingawa ufunguo ni mzima, tazama taa za breki. Fyuzi yake ikiungua, gari halijui kwamba umekanyaga. Katika Toyota nyingi unaweza kubonyeza kitufe mara moja bila breki, redio iwake, kisha ukanyage breki na kukishikilia kwa sekunde 10 hadi 15. Injini itawaka ufike gereji. Chini ya minara mikubwa ya redio, kama pale Kololo, nako ufunguo huweza kuwa kiziwi. Usogeze karibu na kitufe.

Magari mengi ya Japani hufika na ufunguo mmoja tu. Zamani fundi wa chini ya mti alichonga wa pili kwa tupa tukiwa tunasubiri. Huu hauchongwi, sharti kompyuta ya gari ifundishwe, na kama wote umepotea kazi ni kubwa na bei ni mbali. Dereva asikubali kubeba hasara ya kitu ambacho tajiri mwenyewe hakutaka kununua cha akiba.

Tumechapisha fomu ya makabidhiano. Ina nafasi ya namba ya gari, idadi ya funguo, hali ya betri ya ufunguo, jina la anayeubeba katika kila kituo, na sahihi ya aliyemweleza dereva maana ya taa za dashibodi. Ndugu walioko Nairobi, Kigali, Bujumbura na Goma waombe nakala kwa makatibu wa matawi. Yule mwenzetu bado yuko kazini. Wiki iliyopita alipita Malaba na msafara mwingine, na kabla gari halijasogea hata hatua moja alishuka, akamfuata kiongozi hadi dirisha la forodha, akanyoosha mkono.