Mbeumo wa milioni 8: Ni dhahabu au nguvu ya soda?

Ijumaa hii, tarehe 15 Agosti 2025, saa mbili na nusu usiku, mlango unafungwa. Kama utakuwa hujapanga kikosi chako cha Fantasy Premier League, pole yako. Dakika 90 baadaye Liverpool na Bournemouth watakuwa uwanjani na wewe uko nje.

Hapa Mosocho, kwa kinyozi kando ya stage, wiki nzima hatuna stori nyingine. Hata Jumapili Harambee Stars walipowachapa Morocco 1-0 kwenye CHAN, boda zilipiga honi hadi koo zikakauka, halafu baada ya nusu saa tukarudi palepale. Bryan Mbeumo: unamchukua au unamwacha?

Kwa wasiocheza: unapewa milioni 100 za hewani, unanunua wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka klabu moja. Wakifanya vizuri kwenye mechi za kweli, unapata pointi. Ligi yetu ina watu 12 na kila mmoja anaweka 500. Mshindi anabeba 6,000 mwezi Mei. Kwa msee asiye na payslip kama mimi, hiyo si pesa ya kuchezea.

Kinyozi ndiye bingwa mtetezi, na yeye hataki kusikia lolote. Msimu uliopita Mbeumo aliifungia Brentford mabao 20, akacheza mechi zote 38, akaleta pointi 236. Alianza akiwa wa milioni 7. Sasa Manchester United wamemnunua na bei yake kwenye gemu ni milioni 8 tu. "Hiyo ni kuuziwa mkungu mzima kwa bei ya chane moja," anasema, mashine ikiwa kichwani mwa mtu.

Sikatai, hesabu yake inavutia. Lakini buda, rudi nyuma kidogo. Kabla ya hayo 20, Mbeumo alifunga 9, na msimu wa kabla ya huo pia 9, na kabla yake 4. Tena moja ya hiyo misimu ya 9 alikaa nje muda mrefu na jeraha la kifundo cha mguu. Sasa swali langu ni hili: hayo mabao 20 yalikuwa ya Mbeumo, au yalikuwa ya Mbeumo akiwa Brentford? Kule penalti zilikuwa zake. Old Trafford penalti zina mwenyewe, anaitwa Bruno Fernandes, na hajaonyesha dalili ya kugawa. Brentford walifunga mabao 66 msimu uliopita. United walifunga 44, wakamaliza nambari 15. Unamtoa mtu kwa jikoni yenye moto unampeleka kwa jikoni ambayo bado inatafuta kuni, halafu unataka chakula kilekile?

Historia iko na sisi. Michu alifungia Swansea mabao 18 kwenye ligi msimu wa 2012/13, wa pili akapata mawili, majeraha yakammaliza. Mahrez alipiga 17 mwaka ambao Leicester walibeba kombe, mwaka uliofuata sita.

Hapo ndipo jamaa mmoja wa boda, ambaye kwa kawaida huongea tu akidai nauli, alinifunga mdomo. "Na Salah?" Kweli. 2017/18 Mo Salah alianza akiwa wa milioni 9, akafunga 32, pointi 303, na watu wakasema ni wa msimu mmoja. Msimu uliopita amepata 344. Sikuwa na jibu la haraka. Jibu nililopata nikienda nyumbani ni kwamba Salah hajawahi kuondoka. Klabu ileile, upande uleule, penalti zilezile. Mbeumo anaanza upya.

Mwenyewe nina kidonda. Cole Palmer alianza 2023/24 akiwa wa milioni 5, akafunga 22, tisa kati ya hayo penalti, pointi 244. Msimu uliofuata wakampandisha hadi 10.5 na nikalipa bila kuuliza. Septemba akafunga manne dhidi ya Brighton kabla ya mapumziko, nikatembea Mosocho kama mheshimiwa. Halafu tangu katikati ya Januari hadi tarehe 4 Mei, hakuna bao la ligi. Hata moja. Kila wiki nilisema leo ni leo. Nilimaliza wa tatu, na wa tatu hapati hata soda.

Kinyozi hajaacha hiyo maneno. "Wewe unapenda hawa watu wa msimu mmoja kwa sababu mko ukoo mmoja," aliniambia juzi mbele ya wateja. Alimaanisha KCPE, nilipokuwa wa kwanza darasani na mama akachinja kuku wawili, na chuo nilichokiacha mwaka wa pili. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikaangalia simu.

Uamuzi wangu: Mbeumo angoje. Anafungua na Arsenal, kisha ugenini Fulham. Burnley wanakuja Old Trafford wiki ya tatu na hapo naweza kumleta kwa ule uhamisho wa bure. Akipanda bei kidogo, sawa. Hata ukimnunua sasa kwa 8.0 akafika 8.4, ukimuuza unapata 8.2 tu, nusu ya faida inabaki kwa wenye gemu. Na tarehe 21 Desemba AFCON inaanza Morocco. Cameroon wakimwita, unamtoa, na gemu imeahidi uhamisho tano wa bure kabla ya hapo. Kwa hivyo hii "thamani ya muda mrefu" ya Mbeumo tunayopigania ni wiki 16 hivi.

Nafasi yake nimempa Palmer. Najua, najua. Lakini bado yuko Chelsea, bado penalti ni zake, na mwezi jana aliwafunga PSG mawili kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. 10.5 tena, na benchi yangu imebaki ya watu wasiocheza.

Nilipomwonyesha kinyozi, alicheka hadi akazima mashine.