Kipupwe, Ndoo ya Maji na Uniti za LUKU

Juni ikiingia, nyumba nyingi za Njombe, Makete na Mbeya huanza kulalamika kwamba uniti za LUKU hazifiki mwisho wa mwezi. Lawama huanzia kwa watoto walioacha taa ikiwaka, zikahamia kwenye friji, na mwisho mita yenyewe huambiwa inakimbia. Friji inaonewa, maana wakati wa baridi kazi yake hupungua. Balbu nayo inaonewa zaidi. Ile ya LED ya wati 9, ikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 0.045 tu. Umeme wa kipupwe unaishia kwenye ndoo ya maji ya kuoga.

Aliyetuwezesha kulipigia jambo hili hesabu ni James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, Uingereza. Katika miaka ya 1840 alipitisha umeme kwenye waya uliozamishwa majini, akapima jinsi maji yalivyopata joto. Baadaye akayakoroga maji kwa mapanga yaliyozungushwa na uzito unaoshuka, akaona kuwa kiasi kile kile cha kazi huzaa kiasi kile kile cha joto. Kutokana na vipimo hivyo, tunajua leo kwamba lita moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,200 ili ipande nyuzijoto moja. Ni vitu vichache sana vya nyumbani vinavyohitaji joto jingi hivyo kwa uzito ule ule. Na uniti moja ya umeme ni jouli 3,600,000.

Chukua ndoo ya lita 20. Tuseme wakati wa joto maji ya bomba yana nyuzi 22 na unayataka yafike 40. Hapo utatumia uniti 0.42. Kipupwe kikiyashusha hadi nyuzi 14, ndoo ile ile itataka uniti 0.6, sawa na balbu yetu kuwaka usiku 13. Watu watano wakioga ndoo moja moja kila siku, mwezi wa joto utakula uniti 63 na mwezi wa baridi uniti 91.

Maumivu yenyewe yako kwenye bei. Kwa viwango vya mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi ya 75, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Familia yetu ikitumia uniti 10 nyingine kwa taa, simu na redio, mwezi wa joto italipa shilingi 7,300 na mwezi wa baridi shilingi 16,600. Matumizi hayajaongezeka hata kwa nusu, lakini malipo yamepita maradufu. Mita haijakosea hata senti. Aliye kwenye daraja la T1, anayelipa shilingi 292 kwa kila uniti, hakutani na mruko huo, ila kila ndoo humgharimu tangu uniti ya kwanza.

Joule anatufundisha pia kutodanganyika dukani. Karibu umeme wote unaoingia kwenye hita hugeuka joto, iwe ya bei rahisi au ya bei mbaya. Ukiambiwa kuna hita ya kawaida ya kuchemshia maji inayokula nusu ya umeme na kutoa joto lile lile, usitoe hela yako. Akiba inatoka kwenye maji yenyewe: uyachemshe machache, uyaanze yakiwa na uvuguvugu, usiyaache yapoe bure.

Jua la mchana wa kipupwe kwenye nyanda za juu mara nyingi ni kali. Dumu jeusi la lita 20 lililokaa juani likipanda nyuzi 10 tu, limeokoa uniti 0.23. Kwa ndoo tano kila siku, hizo ni uniti 35 kwa mwezi, na familia yetu inarudi chini ya 75. Funika chombo wakati wa kuchemsha, na uzime mapema. Maji yakishatokota, umeme unaoendelea kuingia unageuka mvuke, na lita moja ikiondoka hivyo imebeba uniti 0.63, zaidi ya ndoo nzima ya kuoga. Chai iingie kwenye chupa ya chai mara moja, badala ya jagi kuwashwa kila anapokuja mgeni. Na kama hita yako ni ya kuzamisha, izime na uichomoe ukutani kabla hujaingiza mkono majini.

Hita ya chumba ya wati 2,000 ikiwaka saa nne imemaliza uniti 8, kwa hiyo blanketi la pili ni nafuu mno. Ila wapo wanaokimbia gharama hiyo kwa kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa hayo hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Tafadhali, hata LUKU ikiisha usiku wa manane, jiko lenye makaa libaki nje.