Liginini, Gundi ya Ndani ya Mti

Kwa nini mgomba unaanguka kwa panga moja, lakini mti wa msituni unachokesha mikono? Sababu ni liginini. Mti uko na nyuzi ndogo sana za selulosi, na liginini inazishikanisha, kama vile udongo unavyoshika fito za nyumba zetu hapa Ntoto. Karibu robo ya uzito wa mbao kavu ni liginini. Mgomba uko nayo kidogo tu.

Mwaka 1924, William H. Mason wa Marekani alipasua vipande vya mbao kwa mvuke wa nguvu, halafu akavikandamiza katika joto. Liginini ikalainika, kisha ikashika tena. Akapata ubao mgumu bila gundi nyingine!

Sisi hatuna mashine ile, lakini somo tunalo. Mwanzi mchanga liginini yake haijakomaa, na maji ni mingi. Ukikauka unajikunja na kupasuka. Basi, ndugu, tusikate mianzi ya mwaka mmoja juu ya haraka. Tungoje miaka 3 mpaka 5. Mwenye kukata michanga atajenga tena upesi, na atarudi kumaliza msitu. Gundi Mungu ameisha kuiweka. Kazi yetu ni kungoja ikomae.