Daftari la Anwani: Kumbukumbu za Seva na Siri ya Mgonjwa

Katika kituo cha afya cha kata kama Kerenge, wilayani Korogwe, penye mfumo wa kompyuta, faili la mgonjwa huweza kufunguliwa kutoka chumba cha daktari, maabara au dirisha la dawa. Mfumo huandika kwamba faili lilifunguliwa kutoka anwani fulani ya mtandao, mathalani 192.168.1.57. Mgonjwa akija kulalamika kuwa siri yake imevuja, namba hiyo peke yake haitoshi. Asubuhi huenda ilikuwa ya kompyuta ya mapokezi, na jioni ya simu ya mgeni.

Anwani za namna hii hazimilikiwi, hukopeshwa. Kwa utaratibu wa DHCP, uliofafanuliwa katika waraka RFC 2131 wa Machi 1997, kifaa huuliza, seva hupendekeza anwani, kifaa huiomba, kisha seva huithibitisha. Mkopo una muda wake, na kwa kawaida kifaa huomba kuuongeza nusu ya muda inapopita. Wenye maduka husema mali bila daftari hupotea bila habari, na seva nayo ina daftari lake: kila uthibitisho huandikwa pamoja na saa, anwani iliyotolewa, namba ya kadi ya mtandao ya kifaa na mara nyingi jina lake.

Kwenye seva ya Linux yenye programu ya DHCP ya ISC, ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia mwishoni mwa 2022 lakini haijatoweka, mistari hiyo huingia katika kumbukumbu za mfumo, na orodha ya mikopo hukaa katika faili dhcpd.leases. Hapo saa huwapoteza wengi. Muuguzi akisema saa nne asubuhi, kumbukumbu zilizopangwa kwa saa za Afrika Mashariki huonyesha 10:00, ilhali orodha ya mikopo, inayofuata UTC, huonyesha 07:00. Asiyelijua hilo aweza kumshutumu mtu aliyekuwa bado njiani kwenda kazini.

Daftari hilo hueleza pia hitilafu zinazodhaniwa kuwa ugonjwa wa mashine. Kituo chenye anwani 100 za kugawa, kila moja ikikopeshwa kwa siku nane, hujazwa upesi na simu za wasindikizaji wa wagonjwa. Wao huondoka, anwani hubaki zimeshikwa, na kompyuta ya maabara ikiwashwa hukosa yake. Kumbukumbu husema wazi kwamba hakuna anwani iliyobaki. Dawa yake si kununua kompyuta mpya, bali kuwatengea wageni mtandao wao wenye mikopo ya saa moja.

Hata hivyo daftari hutaja kifaa, si mtu. Simu zenye Android 10 au iOS 14 na matoleo ya baadaye huweza kujitambulisha kwa namba ya kubuni, hivyo ushahidi wa seva hauna budi kuambatana na jina la aliyeingia katika mfumo. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ni sababu ya kuzilinda kumbukumbu zenyewe zisisomwe na kila mtu. Lililo la haraka zaidi ni muda wa kuzitunza. Seva nyingi za Linux, zisipopangwa vingine, hufuta kumbukumbu hizo baada ya takriban wiki nne, na malalamiko ya mgonjwa huweza kufika mwezi wa tatu.