Miaka Juu ya Kabati Haiongezi Utamu

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu wa Dagoretti Corner. Ana chupa ya mvinyo aliyopewa harusini, imesimama juu ya kabati la vyombo tangu kifungua mimba yuko tumboni, na sasa mtoto yuko Gredi ya Saba. Je, si imeshakuwa tamu na ya bei? Hapana. Imechoka.

Nani alitufundisha kwamba mvinyo wowote ukizeeka unanoga? Mingi mno, hata ya Ulaya, hutengenezwa inywewe ndani ya miaka michache. Hakuna mzee wa Riruta atakayekuwekea pombe ya muratina miaka kumi akuambie imekomaa. Mbona chupa ikija na meli tunasahau hayo?

Inayozeeka vizuri ni michache, na Port ya Vintage ni mmojawapo. Katika bonde la Douro, Ureno, inakotoka, uchachukaji hukatizwa kwa kutia spiriti ya zabibu. Sukari hubaki, kilevi hufika kama asilimia 20. Mavuno ya mwaka uliojaliwa, kama 1994 au 2011, hukaa kwenye mapipa miaka miwili hivi, kisha mvinyo hutiwa chupani ukiwa mweusi na mkakasi, wa kukausha ulimi. Ukakasi huo, unaotoka kwenye maganda, ndio akiba yake: hulainika polepole kwa miaka 20, 30 na zaidi, mashapo yakijikusanya chini. Mvinyo mwekundu usio na akiba hiyo, kwa kawaida, unachakaa tu.

Na si kila Port. Port aina ya Tawny ya miaka 20 ilizeekea kwenye pipa. Ilipotiwa chupani, kazi ilikwisha. Tazama kizibo: chenye kofia ya plastiki, cha kuvutwa kwa vidole, ni cha mvinyo wa kunywa sasa. Vintage ina kizibo kirefu kinachotaka kizibuo. Lakini watu huficha Ruby ya bei nafuu mwongo mzima kwa sababu tu imeandikwa Port!

Hata Vintage halisi huuawa na kabati. Ikisimama, kizibo hukauka na kusinyaa, hewa ikaingia. Baridi ya Nairobi isikudanganye. Na ukiihamishia juu ya friji, huko kuna joto usiku na mchana. Ukiona ukoko wa mvinyo uliochuruzika shingoni, kizibo kimeshindwa.

Unayo ya kweli? Ilaze gizani, penye ubaridi. Siku moja kabla ya kunywa, isimamishe. Kisha mimina taratibu kwenye jagi, tochi ya simu ikimulika shingo, na uache kumimina mashapo yanapokaribia. Ukitaka kulinganisha, chupa mbili tatu zinatosha, glasi ndogo, ukianza na yenye umri mdogo. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe: ukingo wa zambarau ni ujana, wa rangi ya matofali ni uzee. Mvinyo mzee hunukia tende, tini kavu, hata ngozi. Vintage ikishafunguliwa, imalize ndani ya siku mbili. Tawny huvumilia wiki kadhaa kwenye friji. Jibini ikikosekana, karanga zinatosha. Soda, tafadhali, ibaki kwenye chupa yake.