Povu la maziwa kwenye kahawa linawezekana bila mashine, ila maziwa yachemshwe kwanza

BINTI anarudi nyumbani Jumamosi jioni na kikombe cha karatasi mkononi. Ndani kuna kapuchino, kahawa ya maziwa yenye povu zito juu. Mama akisikia bei yake anauliza kama na kiti alichokalia wamempa.

Kwa bei hiyo, mara nyingi mtu hupata lita nzima ya maziwa na chenji ikabaki. Ndiyo maana wengi sasa wanajaribu kutengeneza povu hilo jikoni kwao, wakifuata video za kwenye simu. Linawezekana kabisa, tena kwa vyombo ambavyo tayari vipo kabatini. Tatizo ni kwamba video nyingi zimetengenezwa katika nchi ambazo watu hununua maziwa dukani yakiwa yameshauliwa vijidudu kiwandani.

Maelekezo yake husema maziwa yapashwe hadi nyuzi joto 60 au 65 tu, yasichemke. Kwa upande wa ladha ni kweli. Katika joto hilo utamu wa maziwa husikika vizuri, na yakipita 70 huanza kuwa na ladha ya kupikwa. Lakini kwa maziwa mabichi yanayoletwa mlangoni kwa baiskeli, kuyapasha hivyo kwa dakika mbili tatu hakutoshi. Viwandani, maziwa yanayopashwa kwa nyuzi 63 hukaa kwenye joto hilo dakika 30 mfululizo.

Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela, homa inayokuja na kuondoka na kuumiza viungo kwa muda mrefu, pamoja na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe anaweza kuonekana mzima. Nyumba yenye watoto wadogo au mjamzito haina sababu ya kubahatisha kwa ajili ya povu.

Kwa hiyo chemsha maziwa kwanza, yachemke kweli hadi yapande. Yakishapoa, chuja utandu wa juu (watoto wataugombania), kisha yaweke kwenye friji. Hupotezi kitu, kwa kuwa maziwa ya baridi ndiyo yanayoanza vizuri kutoa povu. Asiye na friji aipoze sufuria kwenye beseni la maji na kuyatumia maziwa siku hiyohiyo. Maziwa ya pakiti yaliyosindikwa hayahitaji kuchemshwa tena.

Njia rahisi ni chupa ya jemu. Jaza maziwa ya baridi theluthi moja tu, funga mfuniko vizuri, tikisa kwa nguvu kama dakika moja mpaka yaongezeke karibu maradufu. Toa mfuniko, pasha kwenye maikrowevu nusu dakika. Joto hulishikisha povu lisizame haraka.

Usitikise maziwa ya moto ndani ya chupa iliyofungwa. Hewa na mvuke hutanuka, mfuniko unaruka, na maziwa yanamwagikia mikono na uso. Blenda iliyofungwa nayo hufanya hivyohivyo. Na wakati huo ndipo watoto husogea karibu zaidi kutazama.

Asiye na maikrowevu apashe maziwa kwenye sufuria ndogo kwa moto mdogo, aipue yanapoanza kutoa mvuke, ainamishe sufuria kidogo na kutumia mchapo wa mayai. Shika mpini wake katikati ya viganja viwili na uupekeche. Aliyezoea kupekecha mlenda tayari anajua nusu ya kazi hii. Baada ya dakika moja hivi, gonga sufuria mezani mara mbili ili viputo vikubwa vipasuke, kisha izungushe taratibu. Povu zuri hung'aa na viputo vyake havionekani kwa macho. Likifanana na la sabuni, endelea kidogo.

Kuna pia njia ya wauza chai, kumimina maziwa ya moto kutoka chombo kimoja hadi kingine kwa juu. Kusini mwa India kahawa ya maziwa huandaliwa hivyo. Povu lake ni jepesi, na huhitaji kununua chochote.

Kinachoshika hewa ni protini ya maziwa, na mafuta huleta ulaini. Ndiyo sababu maziwa yaliyoongezwa maji hutoa povu linalokufa upesi, na yaliyokaa sana pia. Povu likikataa kila siku, usiulaumu mkono wako kabla ya kuyatazama maziwa.

Kahawa yenyewe iwe nzito, la sivyo maziwa yataimeza. Kijiko kilichojaa cha kahawa ya kuyeyuka kwenye robo kikombe cha maji ya moto kinatosha, au kahawa ya kusaga ya Kilimanjaro iliyopikwa na kuchujwa. Kahawa chungu ya barazani, ile ya kunywewa na kashata, iachwe kama ilivyo. Haijawahi kudai povu.

Mimina maziwa kwanza huku ukizuia povu kwa kijiko, kisha lipakue juu mwishoni. Nyweni mara moja. Maziwa yaliyobaki yasipashwe kila baada ya saa. Yaingie kwenye chai ya jioni.